Kubadilisha pistoni ya Yamaha DT125: usisahau kingo za madirisha

Wiki iliyopita nilimaliza DT125 ya bwana shamba mmoja hapa Iringa. Ilikuwa imekosa nguvu mlimani na kiki imelegea, ukikanyaga husikii mgandamizo. Alikaa nami mwanzo mpaka mwisho, kisha akaomba nimwandikie hatua zote. Naziweka hapa, maana tustroki hizi (pikipiki za injini ya mipigo miwili, inayochoma oili pamoja na petroli) bado ziko vijijini na mafundi wanaozijua wanapungua.

1. Osha

Osha injini kabla ya kushika spana. Tope lililoganda kwenye mapezi ya silinda litaangukia ndani ukifungua.

2. Fungua

Toa tangi, ekzosi, kabureta na plagi. Mpira wa oili ya Autolube (pampu inayopeleka oili ya tustroki kwenye injini) uzibe kwa bolti ndogo. Nati za hedi zilegeze injini ikiwa baridi, kidogo kidogo, kwa mtindo wa msalaba. Silinda ikigoma, igonge taratibu kwa nyundo ya mpira. Usichokoe kwa bisibisi kwenye gasketi, utakwaruza uso na hewa itapita. Ikianza kuinuka tu, jaza kitambaa safi kwenye mdomo wa krenki. Klipu ya pini ikidondokea humo, kazi ya asubuhi moja inakuwa ya siku mbili.

3. Isome pistoni kuukuu

Usiitupe. Ikiwa imechubuka upande wa ekzosi, shuku oili au joto. Ikiwa sketi ya upande wa kabureta imelika na kuwa ya kijivu, vumbi limepita kichujioni, na pistoni mpya itakufa vilevile usipobadilisha kichujio. Shika konektingi rodi uivute juu na chini: isicheze kabisa. Ikicheza, shida iko kwenye krenki na mwongozo huu hautoshi.

4. Silinda

Hapa ndipo nilipoumia miaka ya nyuma, kwa hiyo nisome polepole.

Silinda ya DT125 ni milimita 56. Ikishalika, inachongwa ili iingie pistoni ya ovasaizi, yaani nene kuliko ya mwanzo kwa milimita 0.25, 0.50 na kuendelea. Nunua pistoni kwanza, uipeleke pamoja na silinda, fundi aipime kwa maikromita na kuchonga kuifuata hiyo hiyo. Asichonge kwa kukisia namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Sasa, mafundi wengi wa mashine mjini kutwa wanachonga silinda za Boxer. Boxer ni fostroki, ukuta wa silinda yake ni mzima. Yetu ina madirisha ukutani, yaani matundu ya kupitishia mchanganyiko wa petroli na moshi, na ringi hupita juu yake kila pistoni inapopanda na kushuka. Ringi ina tabia ya kutanuka, kwa hiyo ikifika dirishani huchungulia kidogo nje. Kiwandani kingo za madirisha hayo hulainishwa ili ringi irudi ndani kwa upole. Ukichonga ovasaizi ya 0.50, unaondoa robo milimita kila upande, na ule ulaini unaondoka nao. Kingo zinabaki kali kama wembe.

Mimi nilikabidhiwa silinda inang'aa, nikaambiwa, "Kaka, hii ni mpya kabisa." Nikafunga. Pikipiki haikumaliza wiki: ringi ilinasa dirisha la ekzosi, ikakatika, ikachana silinda yote. Nilifungua mara mbili nikitafuta kosa kwenye oili na kabureta kabla sijapitisha kidole dirishani na kukatika ngozi.

Kwa hiyo pitisha kidole kila dirisha, juu na chini. Ukihisi ukali, chukua tupa ndogo ya nusu duara, vunja kingo kwa kama nusu milimita, umalizie kwa msasa namba 400. Tupa isiguse ukuta. Wengine hutumia drili yenye jiwe. Mimi sikubali, ikiteleza mara moja silinda imeharibika.

Kisha ioshe kwa maji ya moto na sabuni, kwa brashi. Petroli haitoi unga wa kuchongea. Ikikauka, pangusa kwa kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka cha kijivu, rudia.

5. Funga

Sukuma ringi peke yake ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni, pima mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia). Napenda uwe karibu milimita 0.3. Mshale wa pistoni uelekee ekzosi. Beringi ya sindano na klipu ziwe mpya, kuukuu usizirudishe. Ncha za ringi zikae kwenye vipini vyake (vijiti vidogo ndani ya mifereji ya pistoni), upake oili, ushushe silinda wima bila kuizungusha: ukiizungusha, ncha itaingia dirishani. Gasketi mpya, kaza kwa msalaba kwa awamu tatu.

6. Washa

Toa hewa kwenye pampu ya Autolube mpaka oili itoke bila mapovu. Hata hivyo, tangi la kwanza changanya mililita 20 za oili ya tustroki kwa kila lita ya petroli. Washa, acha ipate joto, zima, ipoe kabisa. Rudia mara tatu. Wiki ya kwanza usibebe mzigo wala usifungue moto wote. Siku ya pili, injini ikiwa baridi, kagua tena nati za hedi.