Unataka kuwa wakili? Anza kwa kulijua faili

Kila matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vijana huanza kupanda ngazi za ofisi yangu hapa Ngamiani, Tanga. Wengine huletwa na mama zao. Swali lao ni moja: "Shikamoo wakili, nifanyeje na mimi nifike ulipo?" Nikiwauliza wakili anafanya kazi gani, karibu wote wananieleza mtu aliyesimama anazungumza. Sehemu kubwa ya siku yangu naipitisha nimeketi, nasoma karatasi za watu. Ndiyo maana hatua ninazozitoa hapa nimezijenga juu ya faili. Anayelijua faili lake, maneno ya kusema mbele ya hakimu huwa anayo.

Hatua ya kwanza: nenda mahakamani ukaketi

Mashauri mengi husikilizwa mahakama ikiwa wazi, na hakuna anayekudai kiingilio. Vaa kwa heshima, zima simu, inuka hakimu anapoingia. Anzia Mahakama ya Mwanzo, kwa sababu huko watu wengi wanajieleza wenyewe. Baadaye panda Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu, ambayo Tanga tunayo hapahapa mjini.

Chukua daftari. Kwa kila shauri andika nani anadai nini, shahidi amesema nini aliloliona kwa macho yake, na kwa nini shauri limeahirishwa. Hilo la mwisho usiliruke. Ukikaa siku kumi utaona sababu zinajirudia: wito haukumfikia mdaiwa, shahidi hakuja, kielelezo kimeachwa nyumbani. Nyingi zingeweza kuzuiwa na mtu mmoja aliyelifungua faili jioni ya jana yake, na mtu huyo ndiye unayetaka kuwa.

Hatua ya pili: njia ya masomo

Hapa sitakaa sana. Mwenye ufaulu wa kidato cha sita unaokidhi vigezo anaomba shahada ya sheria moja kwa moja. Ambaye hakufika huko asikate tamaa, maana Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko Lushoto, ndani ya mkoa wetu, kinatoa astashahada na stashahada ya sheria, na wapo waliopandia hapo hadi shahada.

Baada ya shahada kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, tunayoiita Shule ya Sheria, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Matokeo yaliyotangazwa Oktoba 2022 yalionyesha kati ya wanafunzi 633 waliofaulu ni 26 tu. Serikali ikaunda kamati kuchunguza. Mimi nilizungumza na baadhi ya vijana waliorudi nyumbani mwaka ule, na niliumia, kwa sababu vifungu walivijua. Walichokuwa hawajakizoea ni kupewa kisa cha mteja na kuambiwa: andika hati ya madai, sasa hivi. Usisubiri ufike Dar ndipo uanze kuandika.

Hatua ya tatu: soma hukumu moja kila wiki

Zipo bure kwenye mtandao wa TanzLII. Soma moja, kisha ifupishe nusu ukurasa: mambo yalivyotokea, kilichobishaniwa, mahakama iliamua nini na kwa sababu gani. Tangu sheria ilipobadilishwa 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, lakini hukumu nyingi utakazozitegemea ziliandikwa kwa Kiingereza. Ufupisho wako uandike kwa Kiswahili. Usipoweza kumweleza shangazi yako ile hukumu, bado hujaielewa.

Unaposoma, kusanya siku na miaka ya ukomo, yaani muda ambao ukipita huwezi tena kudai au kujibu, kwenye ukurasa wake: madai ya mkataba miaka 6, ya ardhi 12, ya madhara miaka 3, rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo siku 30, utetezi wa maandishi siku 21 tangu mdaiwa apokee wito. Nilipokuwa mafunzoni nilipewa faili nilifupishe. Nikaandika kurasa tatu nzuri, na tarehe ya kupokea wito sikuitaja. Wakili mlezi wangu alisoma, akaniuliza, "Tumebakiwa na siku ngapi?" Sikuwa na jibu. Zilikuwa zimebaki mbili. Tangu siku ile, kitu cha kwanza ninachokiandika juu ya jalada la faili ni tarehe.

Hatua ya nne: tafuta mlezi, na umchague

Hakikisha kwanza kwamba jina lake limo kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama na kwamba ameruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Kisha mpelekee barua ya ukurasa mmoja. Usiandike "naomba unilee". Mwambie unachoweza kumsaidia: kupanga majalada, kufupisha hukumu, kuchapa, kufuatilia nakala masjala. Ambatisha ufupisho wako mmoja ulio bora. Mimi barua ya namna hiyo siwezi kuiweka kando.

Ukishaingia, tazama anavyofanya kazi. Akikutuma ukamvutie wateja kwenye mlango wa polisi au wodini, ondoka. Akikupa mhuri wake ugonge viapo vya watu ambao hakuwaona wakiapa, ondoka siku hiyohiyo. Niliwahi kupita kwenye ofisi iliyofanya hivyo, na kila kiapo kilichotoka pale kilikuwa cha uongo hata kama yaliyoandikwa ndani yalikuwa kweli, kwa sababu pale chini panasema "ameapa mbele yangu", na hakuwa mbele ya mtu.

Hatua ya tano: jifunze kumsikiliza mteja

Mwaka jana alikuja bibi mmoja kutoka upande wa Pangani, anagombania shamba na jirani aliyemkatia mikorosho. Karatasi yake ya mauziano ilikuwa ya daftari la shule, imekunjwa mara nane ndani ya mfuko wa nailoni. Mipaka imeandikwa kwa mkono: kaskazini shamba la jirani, kusini njia ya ng'ombe, mashariki minazi miwili. Tarehe imefutika kwenye mkunjo. Kijana wangu wa mafunzo akaanza: "Bibi, shamba lina ekari ngapi? Ulinunua tarehe ngapi?" Bibi akanyamaza, akaanza kuikunja karatasi yake.

Nikamwomba kijana aende akatulete kahawa. Nikauliza, "Bibi, siku ya kununua, nani alikuwepo?" Akataja wawili. Mmoja yu hai, anakaa Makorora. Mwaka je? "Ule wa mvua za El Niño." Na huyu jirani alikata mikorosho yako lini? Akafikiri. "Mjukuu wangu alikuwa ndiyo anaanza darasa la kwanza. Sasa yuko kidato cha pili."

Miaka minane. Ukomo wa madai ya ardhi ni 12, kwa hiyo muda tulikuwa nao. Shahidi tukampata, na safari yetu ya kwanza ikawa baraza la kata kwa usuluhishi, kwa sababu tangu 2021 mabaraza ya kata hayaamui tena migogoro ya ardhi, yanasuluhisha, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halikupokei mpaka hapo papitiwe. Kijana aliporudi na kahawa nilimwonyesha nilichoandika. Sasa yeye ndiye anayewapokea wazee wote wanaokuja ofisini.

Hatua ya sita: kuapishwa

Ukifaulu Shule ya Sheria unapeleka maombi kwa Jaji Mkuu, na ukikubaliwa unaapishwa. Unaingia Chama cha Mawakili wa Tanganyika, kilichopo tangu 1954. Vijana wa Pemba mnaovuka kuja kusoma huku Tanga, kumbukeni kwamba Zanzibar ina utaratibu wake wa mawakili, kwa hiyo ulizieni mapema upande mtakaofanyia kazi.

Ukipata nafasi ya mafunzo, Jumatatu ya kwanza fika saa moja na nusu, kabla wateja hawajajaa barazani. Beba daftari lenye ukurasa wa tarehe, kalamu mbili, na kitambulisho cha kukuingiza masjala. Omba faili lililofungwa, lile lililokwisha kuamuliwa, ulisome toka wito wa kwanza hadi hukumu.