Usaili wa kazi kwa simu: jiandae kwa ajili ya mtu anayeandika

Usaili wa simu mara nyingi ni mchujo. Anayekupigia ana orodha ya majina, fomu mbele yake, na dakika 15 hadi 30 kwa kila mwombaji. Siku hiyo haajiri mtu. Anachagua wa kupeleka hatua inayofuata. Akirudi kwa wenzake hatakuwa na uso wako wala mavazi yako, atakuwa na alichokiandika tu. Ndiyo maana maandalizi yote hapa chini yanalenga jambo moja: useme maneno yanayosikika vizuri na yanayoandikika bila mtu kukisia.

Hatua ya 1: Anza siku unayotuma maombi

Wengine hupiga bila taarifa, tena wiki kadhaa baada ya wewe kuomba. Ukijibu "Samahani, hiyo ni nafasi ipi?" umeshapoteza alama kabla ya swali la kwanza. Fungua orodha kwenye simu yako, na kwa kila maombi andika jina la taasisi, cheo, tarehe uliyoomba na toleo la CV ulilotuma. Hifadhi pia tangazo lenyewe, kwa picha ya skrini au kwa kulinakili, maana matangazo mengi huondolewa mtandaoni muda wa maombi ukiisha, na ni hapo hapo utakapolihitaji.

Ukipigiwa ghafla ukiwa mahali pa kelele, usilazimishe. Sema: "Asante sana kwa kunipigia. Hapa nilipo kuna kelele. Naomba tuzungumze baada ya dakika ishirini, au wakati mwingine wowote utakaokufaa." Hakuna msaili makini anayechukia ombi hilo. Kinachomkera ni kurudia kila swali mara tatu.

Hatua ya 2: Thibitisha miadi kwa maandishi

Jibu mwaliko siku hiyo hiyo, ukitaja tarehe, siku ya wiki, saa, namba utakayopokelea na namba watakayopigia. Kwenye saa, kuwa mwangalifu kupita kiasi. "Saa nne" kwa anayehesabu saa za Kiswahili ni 10:00 asubuhi, lakini mwenzake aliyezoea kusoma tarakimu za saa anaweza kuielewa kama 4:00. Andika vyote viwili: "saa nne asubuhi, yaani 10:00". Kama mwajiri yuko nchi nyingine, taja na majira ya saa ya nchi gani.

Uliza pia nani atapiga, na kama ni simu ya kawaida au ya intaneti. Lugha ya usaili kwa kawaida hufuata lugha ya tangazo. Kama zinaweza kuchanganywa, jiandae kwa zote.

Hatua ya 3: Tandaza karatasi mezani

Faida kubwa ya usaili wa simu ni kwamba unaruhusiwa kuangalizia. Itumie, lakini kwa karatasi chache: CV uliyotuma, tangazo la kazi lililopigiwa mistari kwenye sifa wanazotaka, na ukurasa mmoja wa vidokezo kwa maandishi makubwa. Ziwe zimetandazwa bila kubanwa pamoja, kwa sababu sauti ya kufunua kurasa husikika upande wa pili zaidi ya unavyodhani. Ongeza karatasi tupu na kalamu mbili. Usitegemee kuandika kwenye kompyuta. Kila herufi inayobonyezwa inasikika.

Vidokezo viwe maneno mawili matatu kwa kila jambo. Ukiandika sentensi kamili utazisoma, na sauti ya mtu anayesoma haijifichi. Inakuwa tambarare, haina mahali pa kupumua, na msaili anaanza kujiuliza kama anachosikia ni chako.

Hatua ya 4: Pika majibu mpaka yaandikike

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko pengine pote. Maswali ya mchujo hayabadiliki sana: jieleze, kwa nini kazi hii, umewahi kufanya nini kinachofanana nayo, kwa nini unaondoka ulipo, unaweza kuanza lini, unatarajia mshahara gani, una swali? Kwa kila moja andaa jibu la kati ya sekunde 45 na 90. Chini ya hapo msaili hana cha kuandika, na juu ya hapo ameacha kuandika.

Linganisha majibu haya mawili ya mtunza stoo. La kwanza: "Nina uzoefu mkubwa wa stoo, nimehusika na mambo mengi, na ninajituma sana." La pili: "Nimetunza stoo kwa miaka minne. Nilipokea mizigo, nikaihakiki na hati zake, nikaiingiza kwenye mfumo. Nilipoanza, kuhesabu stoo mwisho wa mwezi kulichukua siku tatu. Nikapanga rafu kwa namba, kazi ikaisha kwa siku moja." Katika jibu la kwanza hakuna neno hata moja la kujaza kwenye fomu. Katika la pili kuna miaka, majukumu, tatizo, ulichofanya na matokeo. Mpangilio huo unafaa karibu kila swali linaloanza na "tupe mfano": hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, ikawaje. Watu wengi hutumia dakika nzima kueleza hali, kisha wanakosa pumzi ya kusema walichofanya. Hali ipe sentensi mbili, zilizobaki ziwe za kitendo na matokeo. Na useme "nili-", si "tuli-", pale ambapo kazi ilikuwa yako. Msaili hawezi kukisia wewe ulibeba sehemu gani.

Chukua sifa tano za kwanza kwenye tangazo, na mbele ya kila moja andika mfano mmoja wa kweli. Sifa usiyo nayo, andaa jibu lake la wazi: "Programu hiyo sijaitumia, nimetumia nyingine inayofanya kazi hiyo hiyo kwa miaka miwili." Usiache ikushtukize hewani, maana kigugumizi cha ghafla kwenye simu hueleweka kama uongo.

Mshahara unataka maandalizi ya peke yake. Kwanza uliza: "Nafasi hii imepangiwa kiwango gani?" Wakikurudishia swali, taja kiwango cha kuanzia na cha mwisho, ukijua kwamba mara nyingi kitakachoandikwa ni cha chini. Kwa hiyo namba ya chini iwe ile unayoweza kuikubali bila kinyongo. Na sema kama ni kabla au baada ya makato, kwa sababu kutoelewana hapo hugundulika wakati wa mkataba, na kulirekebisha ni kazi ngumu. Kuhusu siku ya kuanza, soma mkataba wako wa sasa ujue notisi ni siku ngapi. "Hata kesho" kwa mtu mwenye notisi ya mwezi mmoja humfanya msaili ajiulize utaondokaje kwake.

Maswali yako mawili yawe juu ya kazi yenyewe: kwa mfano, mtu atakayeshika nafasi hii anatarajiwa kukamilisha nini katika miezi mitatu ya kwanza?

Hatua ya 5: Jizoeze kwa masikio

Jirekodi kwa simu ukijibu maswali yote saba kwa sauti, kisha sikiliza siku inayofuata. Kimoyomoyo kila jibu huwa zuri. Sikiliza vitu vitatu: kasi, miisho ya sentensi inayozama, na vijazo kama "yaani", "eeh", "unajua". Halafu mwombe mtu akupigie kutoka chumba kingine, akuulize bila mpangilio. Mara mbili zinatosha, ukizidisha utakariri.

Kuna sababu ya kiufundi ya kujizoeza kwenye simu halisi. Simu ya kawaida ya mfumo wa zamani hubeba sauti za kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 hivi tu. Sehemu kubwa ya mvumo wa s na f iko juu ya hapo, hivyo hukatwa, na herufi hizo hufanana. Simu zenye sauti pana zimepunguza tatizo, lakini huwezi kujua mwenzako anatumia nini. Sitini, sabini na tisini zinaanguka katika mtego huo huo, zote zikiisha kwa "-ini". Namba muhimu itaje mara mbili: "sitini, yaani sita sifuri". Majina na anwani za barua pepe yataje herufi kwa herufi: "M ya mama, N ya nanasi".

Hatua ya 6: Weka simu na mahali sawa

Jaribu mtandao mahali hasa utakapokaa, siku moja kabla, saa ile ile. Chumba chenye pazia, kitanda au nguo nyingi hunyonya mwangwi. Chumba kitupu chenye sakafu ngumu hukufanya usikike kama uko kisimani. Usitumie spika. Simu nyingi zikiwa kwenye spika hupunguza sauti ya upande mmoja pale upande mwingine unapozungumza, na maneno ya mwanzo ya sentensi zako yanamezwa. Hedifoni za waya ndizo salama zaidi: hazihitaji chaji wala kuunganishwa kwa Bluetooth. Za Bluetooth ziwe na chaji kamili, na hakikisha simu haitahamia kwenye spika ya sebuleni bila wewe kujua.

Dakika 15 kabla, fanya haya:

1. Chaji iwe juu ya asilimia 80, kisha chomoa. Chaja duni huleta mvumo kwenye hedifoni za waya.
2. Zima modi ya "Usinisumbue" au iruhusu namba hiyo. Hili huwaangusha wengi: wanaiwasha ili wapate utulivu, kumbe wamemzuia msaili mwenyewe. Zima sauti ya meseji na kengele za saa, basi.
3. Kama simu ina laini mbili, zima ile isiyohusika. Kwenye simu nyingi za namna hii, ukiwa unaongea kwa laini moja, nyingine haipatikani. Akikupigia shangazi saa hiyo ukapokea, msaili ataambiwa hupatikani.
4. Zima huduma ya simu inayosubiri, ile inayokupa mlio simu nyingine ikiingia ukiwa unaongea. Kwenye mitandao mingi ya simu za mkononi unapiga #43#, na kuirudisha ni *43#. Usipige wala kupokea simu nyingine kuanzia hapo.
5. Kama usaili ni wa intaneti, hakikisha bando lipo na uzime upakuaji wa masasisho. Simu ya kawaida ikiingia katikati inaweza kukata mazungumzo, kwa hiyo washa hali ya ndegeni kisha Wi-Fi, kama unayo ya uhakika.
6. Glasi ya maji karibu. Maji ya kawaida, si ya baridi sana.

Hatua ya 7: Kwenye simu yenyewe

Pokea mlio wa pili au wa tatu, usalimie na ujitaje jina kamili. Neno "Haloo?" peke yake humlazimisha msaili aanze kukutafuta. Andika jina lake mara tu anapolitaja. Kaa wima au simama. Ukijikunja, mbavu zinabana pumzi na sauti inafifia mwisho wa sentensi. Tabasamu pia. Midomo ikitanuka sauti hubadilika, na anayesikiliza huisikia tofauti.

Sauti huchelewa kidogo njiani, hasa kwenye simu za intaneti, kwa hiyo subiri pumzi moja baada ya yeye kumaliza. Mkigongana, nyamaza kwanza wewe. Ukihitaji kufikiri, sema hivyo: "Naomba sekunde chache nilifikirie hilo." Ukimya usioelezwa hufanana na simu iliyokatika. Ukimaliza jibu, maliza. Utasikia kimya, na mara nyingi hicho ni kimya cha kalamu, usikijaze.

Simu ikikatika, mwachie aliyepiga arudie. Mkipigiana kwa pamoja kila mmoja atakuta mwenzake anatumika. Zikipita dakika tatu, piga wewe ile namba ya kwenye uthibitisho, kisha tuma meseji fupi.

Ukiombwa ada ya usaili, namba ya siri au msimbo uliotumwa kwenye simu yako, kata. Usaili halali hauhitaji hata kimoja kati ya hivyo.

Hatua ya 8: Baada ya kukata

Kabla hamjaagana, uliza hatua inayofuata ni ipi na majibu yatatoka lini. Ukishakata, usiinuke. Andika kwa dakika kumi maswali yote uliyoulizwa, namba ulizotaja (mshahara hasa), na pale ulipoyumba. Ukiitwa kwenye usaili wa ana kwa ana, majibu yako yatalinganishwa na fomu ya leo, na unapaswa kuwa na nakala yako.

Ndani ya saa 24 tuma ujumbe wa mistari mitatu au minne: shukrani, jambo moja mahususi mlilozungumza, na kiambatisho chochote ulichoahidi. Tarehe ya majibu ikipita, subiri siku mbili za kazi, kisha uliza mara moja kwa maandishi, ukitaja jina lako kamili, nafasi na tarehe ya usaili.