Takriri ya konsonanti: ng'oa viambishi kwanza

Tazameni mshororo huu nilioutunga kwa ajili ya somo:

Kibanda changu kidogo, kilichopo kilimani.

Ki, ki, ki. Wengi wangejibu kwenye mtihani kwamba hapa pana takriri ya konsonanti, yaani konsonanti ileile kurudiwarudiwa. Mimi nisingewapa alama. Huo ni upatanisho wa kisarufi: viambishi, yaani vipande kama ki- na ch- vinavyobandikwa kwenye shina la neno, ambavyo Kiswahili humpa kila mtu bure, hata anayeuliza bei ya kiti. Malenga anatafutwa kwingine.

Hatua ya 1. Soma kwa sauti. "Nguo" na "ng'ombe" zinaanza kwa herufi zilezile, lakini sikio linapata sauti mbili.

Hatua ya 2. Ng'oa viambishi, uone kinachobaki. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza": zikiondoka ch- na ki-, kinachogonga ni -za ya mwisho, na hiyo ni kazi ya vina, silabi za mwisho zinazofanana. Sasa jaribu "Haba na haba hujaza kibaba". Toa hu- na ki-, b bado imo: haba, haba, baba. Ninayoipenda zaidi ni "Papo kwa papo kamba hukata jiwe". P inagonga mara nne, kisha k ya kamba na ya -kata inapokea. Isome polepole, utasikia kamba yenyewe ikisugua.

Hatua ya 3. Tunga. Chagua sauti moja, kusanya mashina yenye sauti hiyo, ndipo upime mizani, yaani idadi ya silabi:

Upepo wapiga paa, pazia linapepea.

Nane kwa nane, na p imo kwenye kila shina. Ubeti mzima wa namna hii unachosha, mshororo mmoja unatosha.

MASWALI

Mwalimu, kwani takriri na vina si kitu kimoja?

Hapana, ndugu. Kina kina mahali pake, silabi ya mwisho ya kipande. Takriri huangukia popote.

Shikamoo mwalimu. Na "Haraka haraka haina baraka"?

Marahaba. "Haraka" kurudiwa ni takriri ya neno. R na k zinarudi tena kwenye "baraka", hizo zihesabu. Ha- ya "haina" ni kikanushi, iache. Na ile a iliyotapakaa ni takriri ya irabu.

"Wale wa Liwale wala wali" je? Si viambishi vitupu?

W nyingi ni viambishi, kweli. Lakini fuata l: -le, Liwale, -la, wali. Hiyo ndiyo inayotatiza ulimi.