Kujiandaa kwa Mtihani wa Vitendo wa Leseni ya Pikipiki

Wengi wanaokwenda kufanya mtihani wa vitendo wa leseni ya pikipiki hapa Tanzania si wageni wa chombo hicho. Wamekwisha kubeba abiria, magunia ya mkaa na madumu ya maji kwa miezi au hata miaka, na kwa sababu hiyo huamini kwamba mtihani ni jambo la kuhudhuria tu. Katika kuwafundisha watu wa namna hiyo nimeona kwamba kinachowaangusha ni zile mita chache za uwanja ambamo pikipiki hutakiwa kwenda polepole kuliko mtu anayetembea, bila mguu kugusa chini. Pikipiki inayokimbia hujisimamia yenyewe na kuficha udhaifu wa anayeiendesha, lakini ile inayokwenda polepole humwachia dereva kazi yote ya kuisawazisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maandalizi ninayoyaeleza hapa inahusu mwendo wa polepole, na ningependa msomaji ayape mazoezi hayo muda mwingi kuliko mengine yote.

Anza kwa kuhakikisha unaomba daraja linalolingana na chombo chako. Daraja A ni la pikipiki ambazo injini yake inazidi cc 125, A1 ni la zilizo chini ya kiwango hicho, A2 ni la vyombo vya magurudumu matatu kama bajaji, na A3 ni la vipikipiki visivyozidi cc 50. Kwa kuwa bodaboda nyingi ni za cc 125 au cc 150, tofauti hiyo si ndogo, na ukubwa wa injini usikisie bali uusome kwenye kadi ya usajili. Mwenye leseni ya gari dogo, yaani daraja D, naye asidhani kwamba inamruhusu kuendesha pikipiki. Wakati wote wa mazoezi uwe na leseni ya kujifunzia inayotolewa na TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), na usipakie abiria hata kama unajiamini.

Pikipiki utakayofanyia mtihani iwe ileile uliyojifunzia, au angalau ya aina hiyohiyo. Zipo pikipiki ambazo gia zote huingizwa kwa kukanyaga mbele, na zipo ambazo gia ya kwanza hukanyagwa chini kisha zinazofuata huinuliwa juu. Aliyezoea mpangilio mmoja akipewa mwingine asubuhi ya mtihani, mguu wake utamsaliti mbele ya mtahini. Siku mbili kabla, kagua mnyororo usiwe umelegea kupita kiasi (kwa pikipiki nyingi mchezo wa sentimita 2 hadi 3 katikati ya mnyororo unatosha), upepo wa matairi yote mawili, taa ya mbele, taa ya breki, indiketa, honi na vioo vya pembeni. Vioo vingi vya bodaboda hung'olewa ili chombo kipenye kwenye foleni. Virudishe, tena mapema, kwa sababu kuvitazama ni tabia inayohitaji siku kadhaa kujengeka.

Sasa tuje kwenye klachi, yaani kile kishikio cha mkono wa kushoto, ambayo ndiyo roho ya mtihani wa uwanjani. Tafuta mahali tambarare pasipo na watu, washa pikipiki, ingiza gia ya kwanza, kisha achia klachi taratibu hadi usikie injini inaanza kuisukuma pikipiki. Hapo ndipo walimu wa udereva huita balansi. Usiiachie zaidi, irudishe, uiachie tena, urudie hivyo mara ishirini au thelathini bila pikipiki kutembea zaidi ya hatua mbili tatu, mpaka vidole vijue mahali hapo bila wewe kufikiri. Anayeendesha kila siku huipita balansi kwa haraka, anaachia klachi yote na kuvuta mafuta, kwa hiyo huenda ameendesha miaka mitano bila kuijua sawasawa.

Ukishaimudu, chora kwa majivu mistari miwili iliyonyooka yenye urefu wa mita 15 hivi na upana wa sentimita 30 kati yake, kisha pita ndani yake polepole kadiri uwezavyo. Mkono wa mafuta utulie mahali pamoja, ukiwa umevutwa kidogo tu, na kazi ya kuongeza au kupunguza mwendo ifanywe na klachi pamoja na breki ya mguu iliyokanyagwa kwa wepesi. Breki ya mkono, yaani ya gurudumu la mbele, isiguswe kabisa katika mwendo huo. Ukiikamata huku usukani umekata kona, gurudumu la mbele husimama ghafla na pikipiki huangukia upande uleule uliokatia, na karibu kila mwanafunzi niliyemwona akianguka uwanjani aliangushwa na kosa hilo moja. Magoti yabane tangi la mafuta, mabega yalegee, na macho yatazame mwisho wa mistari, yasishuke kwenye gurudumu.

Suala la macho linastahili kukaziwa, kwa maana pikipiki huelekea pale dereva anapotazama. Mtu anayekiogopa kigingi na kukikodolea macho atakigonga, na anayetazama nafasi iliyo kati ya vigingi atapita. Hili hudhihirika hasa kwenye umbo la nane, ambalo ni zoezi linalotumika sana kupima udhibiti wa pikipiki. Jaza mchanga kwenye madumu mawili, yaweke umbali wa hatua kama kumi, uyazunguke kwa umbo la nane ukiwa kwenye gia ya kwanza na klachi ikiwa kwenye balansi. Unapoanza kulizunguka dumu la kwanza, kichwa chako kiwe tayari kimegeuka kutazama la pili, kidevu kikielekea begani. Mwanzoni utahisi kana kwamba shingo inakatwa, lakini bila kugeuza kichwa hivyo utajikuta unatoka nje ya mzunguko kila mara. Acha pikipiki ilale kidogo chini yako huku mwili wako ukibaki wima au ukiegemea upande wa nje. Hivyo ndivyo kona kali ya mwendo mdogo inavyokatwa, kinyume kabisa na kona ya barabara kuu ambako dereva hulala pamoja na chombo. Kila siku sogeza madumu kwa hatua moja mpaka yabaki mbali kwa hatua sita. Ukiweza kuzunguka mara tano upande wa kulia na mara tano upande wa kushoto bila kuweka mguu chini, uko tayari. Nataja pande zote mbili kwa makusudi, kwani karibu kila mtu ana upande mmoja anaoupenda, na ule mwingine ndio unaohitaji mazoezi zaidi.

Kufunga breki ni jambo la pili linalohitaji kujifunzwa upya. Madereva wengi wa bodaboda hutegemea breki ya mguu peke yake kwa sababu waliambiwa kwamba ya mbele hupindua pikipiki. Ukweli ni kwamba dereva anapofunga breki, uzito huhamia mbele, gurudumu la mbele hukandamizwa ardhini na kupata mshiko mkubwa, huku la nyuma likipungukiwa uzito na kuwa rahisi kuteleza. Breki ya mbele hupindua au kuangusha pale inapokamatwa kwa pupa au usukani ukiwa umekatwa. Jifunze kuiminya kwa kuongeza nguvu hatua kwa hatua, usukani ukiwa umenyooka, sambamba na breki ya mguu, na ukamate klachi mwishoni ili injini isizime. Anza kwa kilomita 20 kwa saa, kisha 30, na usiongeze mpaka usimame mahali ulipokusudia mara kadhaa mfululizo. Kumbuka kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, umbali unaohitajika kusimama tangu breki ziliposhika huwa mara nne, na kwamba kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo katika maeneo ya makazi, pikipiki hupita mita 14 kwa kila sekunde unayochelewa kuamua. Kwenye kokoto, mchanga au lami iliyoloa, minya kwa wepesi zaidi na uanze mapema.

Katika sehemu ya barabarani, mtahini wa usalama barabarani hawezi kusoma mawazo yako, naye hupima kile anachokiona. Kwa hiyo kila unapotaka kuondoka, kuhama njia au kukata kona, tazama kioo, washa indiketa, kisha geuza kichwa utazame nyuma ya bega upande unaokwenda, ndipo uhame. Zima indiketa baada ya kona, kwa kuwa kwenye pikipiki nyingi haijizimi yenyewe. Kwenye kipilefti, wape nafasi wanaotoka kulia kwako. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, simama kabla ya mstari, wala si juu yake, hata kama hakuna askari jirani. Zoeza pia kuondoka kwenye mlima: mguu wa kulia ukanyage breki, wa kushoto uwe chini, klachi iletwe kwenye balansi hadi pikipiki itake kwenda, ndipo uachie breki.

Hapa ndipo mazoea ya kijiweni hudhuru. Kuwapita watu upande wa kushoto, kupenya kati ya magari yaliyosimama, kuweka simu ndani ya kofia, kuning'iniza miguu pembeni wakati wa kuondoka, na kupiga honi kila mara ni mambo ambayo dereva hayahisi tena anapoyafanya. Mwombe rafiki akufuate kwa nyuma siku moja na kuyahesabu, kisha tumia wiki nzima kuyaacha hata unapokuwa kazini, kwa sababu huwezi kuwa na tabia moja ya mtihani na nyingine ya kila siku ukategemea kwamba ile ya kila siku haitajitokeza utakapokuwa na wasiwasi.

Asubuhi ya mtihani, vaa viatu vilivyofunika mguu, suruali ndefu na kofia ngumu iliyofungwa kamba chini ya kidevu; kandambili ziache nyumbani. Fika mapema ili utembee kwa miguu kwenye uwanja na kuona palipo na mchanga au oili iliyomwagika. Maelekezo ya mtahini yasikilize mpaka mwisho, na kama hukuelewa, uliza kwa heshima kabla ya kuwasha injini, kwa kuwa kuuliza si kosa. Injini ikizima katikati ya zoezi, usipige kiki kwa hasira. Kamata klachi, rudisha gia kwenye frii (pasipo na gia yoyote), washa, tazama nyuma tena kana kwamba unaanza upya, kisha endelea. Mtahini anayemwona mtu akitulia baada ya kosa humwamini zaidi kuliko anayemwona akiharakisha.

Ukiambiwa usimame, tazama kioo, washa indiketa ya kushoto, tazama nyuma ya bega, sogea pembeni, weka frii, zima injini, shusha stendi, na ushuke kwa upande wa kushoto, ulio mbali na magari. Kofia ngumu ivuliwe baada ya hapo.