Kulinganisha nyuzi za shamiseni kwenye ukavu wa Dodoma

Shamiseni, ala ya muziki ya Kijapani, ina nyuzi 3, shingo ndefu isiyo na vikato kama vya gitaa, na mwili wa mbao uliowambwa ngozi mbele na nyuma. Ngozi hiyo ndiyo ya kuhofia Dodoma. Kiangazi hewa hukauka mno, ngozi hujikaza, kisha hubanduka kwenye gundi au hupasuka. Kama bado hujanunua, chagua yenye ngozi ya plastiki.

Simamisha koma, yaani kidaraja cha nyuzi, vidole vitatu hivi kutoka ukingo wa chini wa ngozi. Ukimaliza kupiga, kitoe ili ngozi ipumzike.

Anza na honchoshi, mpangilio wa msingi wa sauti za nyuzi: uzi mnene Si, wa kati Mi, mwembamba Si ya juu. Kigingi cha kukazia uzi hushikwa na msuguano tu, hivyo kisukume ndani huku ukikizungusha. Usiposukuma kitarudi nyuma na uzi utalegea. Uzi mpya hunyumbuka: uvute taratibu kwa vidole, ulinganishe tena, hata mara 4. Kwa niagari, mpangilio wa pili, pandisha wa kati hadi Fa dizi. Kwa sansagari, mpangilio wa tatu, rudi honchoshi, kisha shusha mwembamba hadi La.

Sasa sikiliza uzi mnene. Haukai juu ya kizingiti cha shingoni kama wenzake. Hugusa mbao na kuvuma kwa mkwaruzo, zzzz. Hiyo ni sawari, wala si kasoro, na aliyekulia kwenye ilimba ya Wagogo, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba na kuvuma vivyo hivyo, ataipenda papo hapo. Nyuzi zikipatana barabara, ukipiga Si ya juu uzi mnene huitikia wenyewe. Usipoitikia, rudi kwenye vigingi.