Kutengeneza Rojo la Matunda la Mtoto Nyumbani

Tunda lililoiva sawasawa huwa limeshamaliza nusu ya kazi kabla mpishi hajashika kisu. Wanga uliomo katika ndizi mbichi hugeuka sukari kadiri ndizi inavyoiva, nyama ya embe hulainika, na parachichi lililokuwa gumu juzi leo huvunjika kwa uma. Kwa hiyo mzazi anayetaka kumwandalia mtoto wake rojo la matunda aanze kwa kujifunza kuchagua tunda, kwani hakuna blenda inayoweza kulitia utamu embe changa, na mwenye embe changa mkononi hushawishika kuongeza sukari, kitu ambacho mtoto anayeanza kula hakihitaji hata kidogo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee katika miezi 6 ya mwanzo, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi atimize miaka 2 au zaidi. Pamoja na umri, mwili wa mtoto nao una dalili zake. Aliye tayari hukaza shingo, huweza kuketi akiegemezwa, hufungua kinywa anapoona kijiko kinakuja, na hakirudishi nje kwa ulimi kila kinachowekwa mdomoni. Ikiwa kila kijiko kinarudi kidevuni kilivyoingia, mwache siku chache kisha umjaribu tena. Wakati mwingine ulimi haujajifunza kupeleka chakula nyuma, wala si kwamba mtoto amelikataa tunda. Aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye tatizo la kumeza au la ukuaji, aanzishiwe chakula kwa ushauri wa mhudumu wa afya anayemfahamu.

Jambo moja lisemwe mapema, kwa sababu matunda hupendwa na watoto na ni rahisi kuyaegemea kupita kiasi. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto hupungua kufikia karibu miezi 6, na matunda mengi yana madini hayo kwa kiasi kidogo sana. Rojo la matunda haliwezi kushika nafasi ya nyama, samaki, mayai, maharagwe au dengu. Hayo nayo yanapaswa kuingia katika mlo tangu mwanzo, yakiwa yamepikwa vizuri na kulainishwa. Hata hivyo tunda lina msaada wake hapo hapo, kwani vitamini C iliyomo katika papai, embe, pera au chungwa huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yatokayo kwenye mimea. Vijiko viwili vya papai pamoja na dengu zilizosagwa, katika mlo uleule, vina faida kuliko papai hilo hilo likiliwa peke yake saa nne baadaye.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kisu kikali, kibao safi, sufuria yenye kifuniko, uma, na chujio lenye matundu madogo. Blenda hurahisisha kazi kwa matunda yaliyopikwa na kwa yale yenye nyuzi, lakini asiyekuwa nayo hajakosa kitu kikubwa. Mwenye blenda aifungue kila baada ya matumizi na kuutoa ule mpira wa duara ulio chini ya visu, kwa sababu mabaki ya tunda hujificha pale na kuchachuka bila kuonekana, hata kama jagi lenyewe linang'aa. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Tunda nalo lioshwe kabla ya kumenywa, hata lile ambalo ganda lake litatupwa, maana kisu kinapopita kwenye ganda chafu huuingiza uchafu huo moja kwa moja kwenye nyama ya tunda. Kibao kilichokatiwa nyama mbichi kisitumike hapa.

Matunda yasiyohitaji moto

Ndizi mbivu, parachichi, papai na embe huandaliwa bila kupikwa, na kwa haya mimi hupendelea uma kuliko mashine. Nusu ya ndizi ikitiwa kwenye blenda hupakaa ukutani mwa jagi na kuacha visu vikizunguka bure, ilhali kwenye sahani uma huilainisha kwa muda usiofika dakika mbili. Chagua ndizi ambayo ganda lake limeanza kuwa na madoadoa ya kahawia. Yenye ncha za kijani bado ina wanga mwingi, na huweza kumpa mtoto choo kigumu. Mtoto aliyekula ndizi huenda akatoa choo chenye vijiuzi vyeusi vidogo, mithili ya minyoo, ambavyo huwashtua wazazi wengi kwa mara ya kwanza. Ni vijiuzi vya katikati ya ndizi vilivyopita bila kusagwa, navyo havina madhara.

Parachichi lina mafuta mengi, na ndiyo sababu hulainika vizuri na kushibisha haraka. Baada ya kupondwa huanza kugeuka kahawia likikutana na hewa. Tufaha na ndizi hufanya vivyo hivyo. Mabadiliko hayo ni ya rangi, hayamaanishi kwamba chakula kimeharibika, ingawa kuponda kiasi kinachotosha mlo mmoja ni bora kuliko kupambana na rangi. Parachichi pia linafaa kuchanganywa na embe au papai, kwa kuwa kirutubisho kinachoyapa matunda hayo rangi ya machungwa, ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri zaidi kukiwa na mafuta.

Papai likatwe kwa urefu na mbegu zote zikwanguliwe kwa kijiko, kisha nyama ichukuliwe ya katikati, ukiacha ile ngumu iliyo karibu na ganda. Embe linahitaji uangalifu zaidi. Bonyeza sehemu iliyo karibu na kikonyo kwa kidole gumba: likibonyea kidogo na kutoa harufu tamu hapo hapo, limeiva hadi ndani. Lioshe vizuri kuondoa utomvu, kwani utomvu wa embe unaweza kuwasha ngozi laini ya mtoto, kisha menya na ukate mashavu mawili pembeni mwa kokwa. Usikwangue kokwa kwa tamaa, hapo ndipo nyuzi zilipo. Kama embe lako ni la nyuzi nyingi, liponde kisha ulisukume kwa mgongo wa kijiko kupitia chujio. Zitakazobaki juu ya chujio ndizo zile ambazo zingemkwama mtoto kooni na kumfanya akohoe.

Matunda yanayopikwa kwanza

Tufaha, peasi gumu na plamu hulainishwa kwa mvuke. Tufaha bichi ni gumu, na kipande chake kinaweza kumkaba mtoto, kwa hiyo lisipewe nafasi ya kuingia kwenye rojo likiwa na vibonge. Menya, ondoa kitovu chote pamoja na mbegu, kisha kata vipande vya ukubwa unaolingana, takriban sentimita 2, ili vyote viive kwa pamoja. Weka maji kidogo chini ya sufuria, vipande viwe juu yake kwenye chujio la chuma au kikapu cha mvuke bila kugusa maji, funika, na uache kwa dakika 8 hadi 12. Peasi lililoiva huhitaji muda mfupi zaidi. Ncha ya kisu ikipenya bila kukataa, epua.

Mvuke una sababu yake. Vitamini C huyeyuka katika maji na hupungua kwa joto, na tunda linalochemshwa likielea katika maji mengi hupoteza sehemu kubwa zaidi ya vitamini hiyo, halafu maji yenyewe humwagwa. Ukipika kwa mvuke, yale maji machache yaliyobaki chini yahifadhi kwenye kikombe, utayatumia kulegeza rojo. Vipande vipoe kabla ya kuingia kwenye blenda, kwa sababu mvuke uliofungiwa ndani ya jagi unaweza kurusha kifuniko na kumwunguza aliyesimama karibu.

Uzito wa rojo

Hapa ndipo waandaaji wengi hukosea, na kosa huwa ni lile lile la kulifanya rojo kuwa jepesi mno kwa hofu ya kumkaba mtoto. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijazwa maji ya matunda, linakosa nafasi ya chakula chenye nguvu na ya maziwa anayoyahitaji bado. Chota rojo kwa kijiko, kisha ukiinamishe: likitiririka kama chai, ni jepesi; likibaki limening'inia kidogo, kisha likadondoka kwa uvivu, limefaa. Kulegeza kufanyike kijiko kimoja kimoja cha maziwa ya mama, ya maji yale ya mvuke, au ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Ni rahisi kuongeza, lakini ukishazidisha, dawa pekee ni tunda jingine.

Usiongeze sukari wala chumvi. Asali isitumike kabisa kabla mtoto hajatimiza miezi 12, hata tone la kuchovya kijiko, kwa kuwa inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa ambao sumu yake hulegeza misuli ya mtoto mchanga hadi ile ya kupumulia, na joto la jikoni haliviui vijimbegu hivyo. Juisi nayo isubiri hadi mwaka upite. Hata ikiwa imekamuliwa nyumbani kutoka kwenye matunda yale yale, imeacha nyuma sehemu kubwa ya nyuzinyuzi na kubakiza sukari yake.

Kumlisha na kumtazama

Anza na vijiko 2 au 3 vidogo, mtoto akiwa ameketi wima, hana usingizi wala njaa kali. Tunda jipya litolewe peke yake kwa siku 2 au 3 kabla ya kuongeza jingine, ili likimdhuru ujue ni lipi. Vipele vinavyovimba mwilini, uvimbe wa midomo au uso, kutapika mfululizo au kupumua kwa shida ni dalili za kuacha tunda hilo na kumfikisha mtoto kwenye huduma ya afya, na shida ya kupumua haingojwi hata dakika. Wekundu mwepesi kuzunguka mdomo baada ya nanasi au chungwa mara nyingi hutokana na asidi ya tunda kwenye ngozi; ufute uso kwa maji, na upunguze kiasi siku nyingine.

Kukunja uso hakumaanishi kukataa. Mtoto huenda akahitaji kuonjeshwa chakula kimoja mara 8 hadi 10, pengine zaidi, kabla hajakizoea, na anayekata tamaa baada ya jaribio la pili humnyima mwanawe nafasi hiyo. Akigeuza kichwa na kufunga mdomo, mwisho wa mlo umefika. Akipata choo kigumu, peasi na plamu husaidia, kwa sababu yana sukari ya asili iitwayo sobitoli ambayo huvuta maji ndani ya utumbo.

Kuhifadhi

Kabla ya kulisha, chota kiasi cha mlo huo kwenye bakuli lake, na kilichobaki kifunikwe pale pale. Kijiko kilichotoka mdomoni hubeba mate, na mate huanza kulilegeza rojo na kuingiza vijidudu, ndiyo maana mabaki ya bakuli la mtoto hayahifadhiwi kwa mlo mwingine, hata yakionekana mengi na mazuri. Inauma kuyatupa, basi chota kidogo na uongeze akitaka.

Kwenye friji yenye nyuzijoto 4 au chini yake, rojo lililofunikwa hukaa hadi saa 48. Kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri huweza kukaa miezi 1 hadi 3. Trei ya kugandishia barafu inafaa sana kwa kazi hii: likishaganda, hamishia vipande kwenye mfuko safi, andika tarehe na jina la tunda, kwa sababu tufaha na peasi yakiganda huwezi kuyatofautisha. Yeyusha ndani ya friji usiku kucha, na usigandishe tena kilichoyeyuka. Ukipasha moto, koroga vizuri kisha jaribu kwenye kifundo cha mkono, hasa ukitumia maikrowevu, ambayo huacha sehemu nyingine baridi na nyingine za kuunguza. Asiye na friji aponde kinachotosha mlo mmoja. Ndizi na parachichi ni kama yaliumbwa kwa ajili yake.

Mtoto akikaribia miezi 8, acha vibonge vidogo laini vibaki kwenye rojo, na kipande cha papai bivu kinachobonyea kwa vidole viwili kiwekwe mbele yake akishike mwenyewe, ukiwa umekaa karibu. Kitateleza, kitaangukia kifuani, kitapakwa usoni, na kidogo kitaingia mdomoni. Siku atakapoanza kukinyakua kijiko chako, mpe cha kwake, wewe uendelee kulisha kwa kile kingine.