Jinsi ya kuendesha baa ya mpira ambayo mastaa hurudi, kwa hesabu za Dar

Mchezaji au msanii akija kwako mara ya pili, ujue mara ya kwanza alikula vizuri, akaona mechi hadi mwisho, na hakuna aliyemwekea simu usoni. Picha yake ukutani haimrudishi. Kwa hiyo kabla ya kufikiria VIP, hakikisha yule mteja wa kawaida anayekuja na jezi yake kila Jumamosi anahudumiwa sawasawa, maana staa hukaa mahali penye watu waliotulia.

Picha na umeme

Ligi Kuu yetu utaipata Azam TV, ya England DStv, hivyo utahitaji ving'amuzi vya kampuni zote mbili, tena kwa kifurushi cha biashara. Kutumia kifurushi cha nyumbani kwenye baa ni kuomba kukatiwa siku ambayo watu wamejaa.

TV zote zinazoonyesha mechi moja zilishwe na king'amuzi kimoja kupitia spliti ya HDMI, kifaa kinachogawa picha moja kwa TV nyingi. Ukumbini ukiweka dishi na bustanini ukaweka intaneti, bustani itachelewa kwa nusu dakika hivi: ukumbi unashangilia bao, bustani bado wanaangalia kona inapigwa. Watu wa bustani watainuka, watajazana mlangoni, na mhudumu mwenye trei hatapita. Waya wa kawaida wa HDMI ukizidi mita 10 hadi 15, picha huanza kukatakata. Zaidi ya hapo tumia vifaa vya kurefusha vinavyopitisha picha kwenye waya wa mtandao wa Cat6.

Mvua kubwa ya masika hupunguza mawimbi ya setilaiti. Funga dishi la sentimita 90 au zaidi kwenye zege au ukuta imara. Likifungwa kwenye bati litatikiswa na upepo. Ukiwa Msasani, Mikocheni au Mbezi Beach, chumvi ya bahari hula bolti na viungio vya waya, hivyo fundi apande kukagua kila baada ya miezi mitatu.

Sasa umeme. Chukua baa yenye TV 6 za inchi 55 (karibu wati 900), friji 4 za vioo (1,600), friza 2 (600), feni 10 (750), taa na spika (1,500). Jumla ni kama wati 5,350. Mota za friji hunyonya umeme mwingi zaidi zinapoanza, kwa hiyo nunua jenereta ya kVA 10, na AC uzipigie hesabu yake kando. Umeme ukikatika, washa friji mojamoja. Hata jenereta inayowaka yenyewe huacha pengo la sekunde kadhaa, na king'amuzi kikizima huchukua dakika kadhaa kurudi hewani. UPS ndogo (betri ya akiba) kwenye king'amuzi na spliti huziba pengo hilo kwa bei nafuu. Na tafadhali, mtu mmoja apewe kazi ya kusoma Luku kila mchana wa mechi. Yuniti kuisha dakika ya 80 ni kosa ambalo wateja hawalisahau.

Ratiba ya saa

Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, sisi hatubadilishi. Mechi ya England ya saa 9 alasiri kwao huanza saa 11 jioni hapa katika majira yao ya joto, na saa 12 jioni katika majira ya baridi. Zile mechi kubwa za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya zinazochezwa usiku huanza saa 4 usiku, kisha kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi huwa saa 5, na zinakwisha karibu na saa 7 usiku. Angalia saa zilizoandikwa kwenye leseni yako ya vileo kabla ya kuzitangaza, na upange usafiri wa wahudumu.

Siku ya Simba na Yanga kwa Mkapa utapata mawimbi mawili ya wateja: wa kuangalia, na wanaotoka uwanjani wakiwa na njaa. Usimalize nyama kwa wimbi la kwanza.

Jiko la mapumziko

Mapumziko ni dakika 15, na meza zote huagiza kwa wakati mmoja. Mhudumu apite dakika ya 25 hadi 30 kuchukua oda, ili sahani zianze kutoka filimbi inapolia.

Viazi vikaangwe mara mbili: kwanza nyuzi 150 kwa dakika 5 hivi, vipoe, kisha oda ikija nyuzi 180 kwa dakika 2 au 3. Kuku ndiye wa kuangalia sana. Ukimwacha nusu-mbichi pembeni ya jiko amalizikie baadaye, unaugua wewe na wateja. Apikwe hadi ndani kufika nyuzi 74, apozwe haraka, akae kwenye friji chini ya nyuzi 5, halafu mkaa umpe moto upya na harufu. Nyama ya mbuzi hupoteza karibu theluthi ya uzito ikichomwa, hivyo menyu iseme wazi kwamba nusu kilo ni uzito wa mbichi, na mizani iwe mahali mteja anapoiona. Ugomvi mwingi wa nyama choma huanzia hapo.

Bia ya joto inahitaji usiku mzima kwenye friji iliyojaa. Pakia baada ya kufunga, mpya nyuma, za zamani mbele.

Meza ya staa

Iwe pembeni, ukuta mgongoni, TV mbele, karibu na mlango wa pili unaotokea maegesho. Pima njia ya kwenda chooni: ikimlazimu kupita katikati ya ukumbi, atasimamishwa kila hatua na hatakaa zaidi ya saa moja. Meza ya jirani wakae baunsa au dereva wake.

Mpe mhudumu mmoja tu usiku mzima. Ajue mambo matatu: haombi selfi, hasemi kwenye simu nani yuko hapa, na shabiki akitaka picha anaelekezwa kwa mpambe kwanza. Picha za ukurasa wa baa zisiwekwe bila ridhaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, na kamera zako za ulinzi pia, kwa hiyo weka tangazo kwamba zipo.

Mchezaji ambaye timu yake imefungwa jioni hiyo asikalishwe karibu na mashabiki wa upande wa pili. Wahudumu wavae fulana za baa, wasivae jezi ya timu yoyote.

Hela huvuja kwa chawa, wale wanaomfuata staa ili wale na kunywa kwa mgongo wake. Staa anakuja na watu wanane, wote wanaagiza kwa jina lake, mwisho yeye ameshaondoka. Meza ikikaa tu, mhudumu aulize kwa heshima: "Kaka, bili iwe moja au kila mtu na yake?" Kila raundi ipelekwe na karatasi yake. Ukitaka kumpa ofa, iwe ya kwake peke yake, raundi moja au sahani moja, iandikwe na meneja asaini. Ofa isiyoandikwa hugeuka wizi wa kaunta.

Vibali na kufunga hesabu

Leseni ya biashara na ya vileo manispaa, vipimo vya afya vya wapishi na wahudumu, zimamoto, na tozo ya hakimiliki ya muziki. Spika zitazame ndani, kelele ndiyo hufungia baa. Bei za menyu ziwe na VAT ndani yake, na kila mauzo yatoke na risiti ya EFD (mashine ya kodi), hata ya meza ya staa.

Usiku, hesabu chupa tupu za bia dhidi ya mauzo. Pombe kali pima kwa toti: chupa ya ml 750 ni toti 25 za ml 30. Wa kaunta na meneja wasaini karatasi moja. Pungufu itafutwe usiku huohuo, kabla mtu hajapanda bodaboda.